Diski ya nje yenye picha na video zako ikigoma: dalili, chanzo na la kufanya

Mtu akinijia na diski iliyogoma, kabla hata ya kuishika namuuliza swali moja: hizo picha zipo mahali pengine? Jibu lake ndilo linaloamua kila kitakachofuata. Zikiwapo kwingine, tatizo ni la diski tu, na unaweza kujaribu dawa yoyote iliyoandikwa hapa bila kuogopa. Zisipokuwapo, hiyo diski haikuwa nakala rudufu. Umeshika chimbuko lenyewe, na kila unachobonyeza kinaweza kulipunguza.

Kwa hiyo, kama ndiyo diski pekee yenye hizo faili, shika mambo mawili kabla ya kuendelea. Usiandike kitu chochote juu yake, hata programu ya kuokoa data usiiweke humo. Na usikubali kuifomati, hata kompyuta ikuombe mara ngapi. Faili iliyopotea orodha yake mara nyingi bado imelala palepale, lakini ikishaandikwa juu hairudi.

Umechomeka diski, hakuna kinachotokea

Hili ndilo lalamiko la kila siku, na mara nyingi kosa si la diski.

Anza na kebo. Kebo za diski za nje hukunjwa, hubanwa kwenye begi, huvutwa zikiwa zimechomekwa, na hukatika kwa ndani pale shingoni bila kuonyesha alama nje. Zipo pia kebo za kuchajia tu, ambazo hazina nyaya za data kabisa: taa ya diski itawaka, sahani za ndani zinazobeba data zitazunguka, lakini kompyuta haitajua kuna kitu. Tafuta kebo nyingine unayojua kwa hakika kwamba inahamisha faili, kisha ujaribu tundu jingine la USB, na baadaye kompyuta nyingine. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua kilichokuwa kibovu.

Baada ya kebo, umeme. Tundu la USB 2.0 limepimwa kutoa miliampia 500, na la USB 3.0 miliampia 900. Diski ndogo ya sahani, ile ya inchi 2.5, hunywa umeme mwingi zaidi sekunde zile za kwanza inapoanza kuzunguka. Umeme usipotosha utasikia ikianza, inakata, inaanza tena, pengine na mlio mdogo wa tik unaojirudia. Ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kigawanyio cha USB kisicho na adapta yake. Kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, kwa sababu ya mbele huunganishwa kwa waya mrefu wa ndani na hayaaminiki sana.

Diski kubwa za inchi 3.5 zina adapta yake, kwa kawaida ya volti 12. Onyo: usiipe adapta ya laptopu eti kwa kuwa pini imeingia. Nyingi hutoa volti 19 hivi, na bodi ya diski huungua papo hapo.

Kebo na umeme vikiwa sawa, angalia kama kompyuta imeiona ila imeshindwa kuifungua. Kwenye Windows bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `diskmgmt.msc`. Ukiona diski yako ina sehemu yenye faili lakini haina herufi, bofya kulia uipe herufi ambayo haijatumika, na kazi imekwisha. Kwenye Mac fungua Disk Utility, uiambie ionyeshe vifaa vyote. Jina likiwa limefifia, lichague ubonyeze Mount. Kwenye Linux andika `lsblk`. Lakini diski iliyokuwa na faili jana, leo Windows ikidai haijaanzishwa na ikupe kidirisha cha kuianzisha, kifunge hicho kidirisha. Kukubali ni kuandika jedwali jipya juu ya la zamani.

Mwisho kabisa, na si mara nyingi, bodi ndogo ya kasha huwa imekufa na diski ndani ni nzima. Kama kasha ni la kufunguka na diski ni ya kawaida yenye kiunganishi cha SATA, kuihamishia kasha jingine hutatua. Ila kuna makasha ambayo bodi yake husimba data yote kimyakimya, na ukiitoa diski humo husomi chochote. Nyingine tundu la USB limeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi ya diski yenyewe, hakuna cha kuhamisha. Ukifika hapo na hizo ndizo faili pekee, simama, itunze na bodi yake, umtafute mtaalamu wa kuokoa data.

Kompyuta inasema diski lazima ifomatiwe kwanza

Niliwahi kubonyeza ndiyo. Ilikuwa usiku, nilikuwa na haraka, na ujumbe ule ulisomeka kama hatua ya kawaida ya matayarisho. Diski hiyo ilikuwa na video zenye sauti ya mtu ambaye sikuweza tena kumrekodi. Nyingine nilizipata, nyingi zikiwa hazina majina, nyingine zimekatika katikati. Ndiyo maana nasisitiza: bonyeza Cancel.

Ujumbe huu maana yake ni moja tu: mfumo wako haujaelewa jinsi diski ilivyopangwa. Sababu zinazojitokeza zaidi, kwa mpangilio huu:

1. Diski ilifomatiwa kwenye mfumo mwingine. Windows haisomi APFS wala HFS+, mifumo ya faili ya Mac, bila programu ya ziada. Ipeleke kwenye kompyuta ya aina ileile ilikotumika kwanza. Mara nyingi inafunguka kama kawaida.
2. Ilichomolewa wakati bado inaandikwa, au umeme ulikatika. Orodha ya faili imeharibika, faili zenyewe zipo.
3. Imefungwa kwa BitLocker, kufuli la data la Windows, na ile kompyuta haijui kuifungua. Tafuta ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Bila nenosiri wala ufunguo huo hakuna fundi atakayekufungulia.
4. Diski yenyewe inakufa.

Ili kutenganisha la pili na la nne, pima afya ya diski kwanza (naeleza hapo chini kwenye habari ya kasi). Ikiwa ni nzima, programu ya TestDisk inaweza kuonyesha faili ndani ya sehemu iliyoharibika na kuzinakili nje zikiwa na majina yake. Ikishindikana, PhotoRec huzitafuta kwa kutambua maumbo ya ndani ya JPEG, MP4 na kadhalika. Hurudisha nyingi, ila majina na mpangilio wa folda hupotea. Zote mbili ni za bure. Vilivyookolewa viende kwenye diski nyingine, kamwe si ileile.

Watu hupeana sana ushauri wa `chkdsk`, amri ya Windows ya kukarabati diski. Mimi naiweka mwisho. Kazi yake ni kuufanya mfumo wa faili uwe sawa, hata ikibidi kukata vipande visivyo na mwenyewe na kuvitupa kwenye folda ya FOUND.000 kama faili za .CHK. Toa kwanza unachoweza kutoa, ndipo uiendeshe, tena kwa `/f` tu. Ile `/r` hupekua diski nzima sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kimoja kimoja cha diski, na diski iliyodhoofika inaweza kuzimia humo humo.

Kunakili kunakataa au kunakatika njiani

Faili moja kubwa inakataa wakati nafasi bado ipo tele? Hiyo ni FAT32, mfumo wa faili wa zamani. Haibebi faili inayofika GB 4 kamili (kikomo chake ni baiti 4,294,967,295), na video ya saa moja ya ubora wa juu hupita hapo kwa urahisi. Dawa ni exFAT, ambayo Windows na Mac zote huisoma na kuiandika. Lakini kubadili kwenda exFAT ni kufomati, kwa hiyo hamisha vilivyomo kwanza. Anayetumia Windows peke yake anaweza kugeuza FAT32 kuwa NTFS, mfumo wa faili wa Windows, bila kufuta kwa `convert E: /fs:ntfs`, akijua kwamba Mac itaisoma tu bila kuiandika.

Likikataa kundi la faili chache, tazama majina. Windows haikubali alama kama `: ? " * < > |` ndani ya jina, na albamu zilizopangwa kwenye Mac au Linux zimejaa hizo. Folda ndani ya folda ndani ya folda nazo hufikisha njia kwenye herufi 260, kikomo cha zamani ambacho programu nyingi za Windows bado zinakifuata. Fupisha majina ya folda za juu, uendelee.

Kosa la kusoma, lile la CRC au I/O, lina kipimo kizuri sana kisichohitaji programu. Jaribu kunakili mara mbili. Likikwama kwenye faili ileile kila mara, hapo pana sekta mbovu. Likikwama mahali tofauti kila mara, shuku kebo, umeme au tundu. Kipimo hiki kimeniokolea muda kuliko programu yoyote. Angalia pia kama laptopu inalala yenyewe katikati ya kazi: zuia kulala mpaka kunakili kuishe.

Kwa mkusanyiko mkubwa acha kuburuta folda kwa kipanya. Ikikatika hujui ilipofikia. Kwenye Windows:

`robocopy D:\Picha E:\Picha /E /R:2 /W:5`

Kwenye Mac na Linux:

`rsync -avh --progress /njia/Picha/ /njia/diski/Picha/`

Zote mbili zikikatizwa huendelea na zilizobaki. Ile /R:2 usiisahau, kwa kuwa bila hiyo robocopy itajaribu tena faili mbovu mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara.

Kunakili ni polepole mno

Kwanza tofautisha aina mbili: polepole tangu mwanzo, na iliyoanza kwa kasi ikaporomoka.

Polepole tangu mwanzo, ukiona MB 30 hadi 40 kwa sekunde, unapita kwenye USB 2.0. Inawezekana tundu ni la zamani, au kebo ni ya zamani, au kichwa hakijaingia mpaka mwisho. Kwa kasi ya MB 35, TB 1 huchukua karibu saa 8. Kwa MB 110, ambayo diski nyingi za sahani huifikia kupitia USB 3.0, ni saa mbili na nusu hivi. Picha ndogo laki moja nazo zitachelewa kuliko filamu chache za ukubwa uleule, hata kila kitu kikiwa kizima.

Ikianza kwa kasi halafu ikaporomoka, mara nyingi ni maumbile ya diski. SSD (diski zisizo na sahani) za bei ya chini hupokea haraka mpaka akiba yao ya kasi ijae. Diski nyingi za sahani za siku hizi hutumia mtindo wa SMR, ambapo njia za data hupandiana kama vigae vya paa, na uandishi mrefu huilazimu diski kupanga upya huku ikiandika. Ipumzishe, au gawanya kazi. Si ugonjwa.

Ugonjwa ni diski iliyokuwa na kasi nzuri mwezi uliopita, sasa inaganda sekunde kadhaa kila unapofungua folda. Hapo soma taarifa zake za SMART, yaani rekodi ya afya ambayo diski hujiwekea yenyewe, kwa CrystalDiskInfo kwenye Windows au `smartctl` kwingineko. Namba za kutazama ni hizi: 05 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa, C5 ni sekta zinazosubiri hukumu, C6 ni zilizoshindikana kabisa. C5 au C6 ikiwa zaidi ya sifuri na inapanda, acha vipimo, anza kunakili vilivyo muhimu zaidi sasa hivi. Anza na picha za watu wako, filamu zinazopatikana popote ziache mwisho. C7 ikipanda ni jambo jingine: ni muunganisho kati ya diski na bodi ya kasha, si sahani. Baadhi ya makasha hayapitishi taarifa hizi, kwa hiyo kutoonekana kwake si cheti cha uzima.

Diski inayokufa lakini bado inasomeka, anayejua mstari wa amri atumie programu ya GNU ddrescue kuinakili yote kwenye diski nyingine. Inachota kwanza palipo pazima, kisha inarudia pagumu. Usiyeijua, usijifunzie kwenye diski yako ya pekee.

Diski inafunguka lakini ni tupu, au kuna njia za mkato tupu

Tazama nafasi iliyotumika. Ikionyesha GB 400 zimetumika huku folda haionekani, faili zipo ila zimefichwa, na kazi hiyo hufanywa na virusi vya USB: huficha folda zako na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Usizibofye. Safisha kompyuta kwa programu ya kuzuia virusi kwanza, kwa sababu ukiisafisha diski peke yake itaambukizwa tena dakika hiyo. Kisha, kama herufi ya diski ni E:

`attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`

Folda zikirudi, futa zile njia za mkato. Ikiwa nafasi iliyotumika nayo ni karibu sifuri, faili zimefutwa kweli: acha kuitumia, rudi kwenye habari ya PhotoRec. Kwenye SSD harakisha, maana diski hizo zinaweza kusafisha zenyewe maeneo yaliyofutwa.

Hesabu ya nafasi haipatani

Diski ya TB 1 kuonyesha GB 931 si wizi. Mtengenezaji huhesabu kwa elfu, Windows kwa 1,024. Ya TB 4 itaonyesha TB 3.63. Ikiwa umefuta vitu vingi na nafasi hairudi, vimo kwenye pipa la taka lililofichwa ndani ya diski hiyo: chomeka diski, ndipo umwage taka. Na diski kubwa kuliko TB 2 iliyoanzishwa kwa MBR, jedwali la zamani la kugawanya diski, haitatumia kinachozidi hapo. Inahitaji jedwali jipya zaidi, GPT.

Nakala ipo, lakini picha hazifunguki au ni ndogo ajabu

Dalili hii inaniumiza kuliko zote, kwa sababu mtu huigundua miaka baadaye.

Picha ndogo zenye ukungu hutoka kwenye simu iliyopangwa kubana nafasi: asili iko kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwenye simu umebaki mfano tu. Pakua asili kwanza, ndipo unakili. Na iPhone ikikatakata uhamishaji kwenda Windows, nenda kwenye mipangilio ya Picha, sehemu ya kuhamishia Mac au PC, uchague kubaki na faili asili badala ya kuzigeuza.

Faili za mwanzo nzima, za mwisho zote mbovu? Shuku diski ya uongo. Kuna flashi na SSD zilizochezewa zijitangaze kuwa TB kadhaa ilhali ndani zina GB chache. Huandika bila kulalamika, zikijaa zinaandika juu ya vya mwanzo au zinatupa. Pima kwa H2testw au F3 kabla ya kuweka chochote, hasa bei ikiwa ya kushangaza.

Uharibifu wa hapa na pale hutokana na kumbukumbu ya kompyuta (RAM) au kebo. Huo hauonekani kwa kuhesabu faili. Linganisha kwa SHA-256, alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili, au kwa rsync ongeza `-c` na `-n` ili isome pande zote mbili na kutaja zinazotofautiana bila kugusa kitu.

Programu ya kusawazisha inanakili kila kitu upya, au imefuta nakala

Kunakili upya kila mara ni suala la saa. FAT huandika muda kwa kuruka sekunde mbili mbili, hivyo faili ileile huonekana mpya. Kwenye rsync ongeza `--modify-window=1`. FreeFileSync nayo ina mpangilio wa kuvumilia tofauti hiyo.

Kufuta ni kubaya zaidi. `/MIR` ya robocopy na `--delete` ya rsync hufanya nakala ifanane na asili, maana yake ulichofuta kwa bahati mbaya asubuhi kinafutwa na huko jioni. Ukigeuza chanzo na mwisho, diski tupu itaifuta iliyojaa. Daima jaribu kwanza kwa `/L` ya robocopy au `-n` ya rsync, ambazo huorodhesha tu bila kugusa kitu, usome orodha. Mimi situmii hizo kwenye picha za familia. Natumia diski mbili zinazopokezana, moja ikikaa nyumba nyingine, ambayo ni sura ya kawaida ya kanuni ya 3-2-1 aliyoieneza mpigapicha Peter Krogh: nakala tatu, vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Nakala iliyochomekwa saa zote hupatwa na virusi vya kufunga faili pamoja na kompyuta yenyewe.

Diski inagonga, inakwaruza, imeanguka au imeloa maji

Hapa hakuna hatua za kujaribu. Zima, chomoa. Mlio wa kugongagonga kwa mpigo ule ule, kebo na umeme vikiwa sawa, kwa kawaida ni kichwa cha kusomea kinachoshindwa kupata njia, na kila ukiiwasha kinaweza kuikwangua sahani iliyobeba picha zako. Usiiweke kwenye friji. Usiifungue: kichwa huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko chembe ya vumbi. Iliyoloa usiiwashe ili kuikausha, wala usiipulizie hewa moto.

Mpelekee mtaalamu wa kuokoa data mwenye chumba kisafi, si fundi wa kompyuta wa kawaida, hata akiwa hodari. Kabla ya kukabidhi muulize kama uchunguzi unalipiwa, kama unalipa wasipopata kitu, na kama wataifungua bila idhini yako. Mwandikie kwenye karatasi yale tu yaliyotokea: ilianguka lini, ilitoa sauti gani, uliiwasha mara ngapi baada ya hapo, ilifomatiwa kwa mfumo gani, ina nenosiri au haina. Taja folda tatu au nne unazozitaka kuliko zote, kwa majina yake, ili aanze na hizo. Diski ifungwe kwenye kitu laini ndani ya sanduku gumu, pamoja na kasha na bodi yake.